Goti na Neno: Desturi ya Kupiga Goti Nyahanga na Salamu ya "Shikamoo"

1.0 Utangulizi

Salamu hutolewa kwa mwili na kwa neno. Makala haya yanafafanua desturi ya kupiga goti wakati wa kumwamkia mkubwa, kwa kurejelea Nyahanga, kata iliyomo katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga. Hoja yetu ni kwamba goti la Msukuma na "shikamoo" ya pwani ni heshima ya namna moja: huku imebaki mwilini, kule imehamia katika neno.

2.0 Goti Lililobaki Mwilini

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, msichana au mwanamke anapomwamkia mkubwa hukunja magoti na kushuka kidogo, akitamka "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" baadaye mchana. Kina cha goti nacho husema: mkwe hushukiwa zaidi kuliko jirani. Huko Buganda mwanamke hupiga magoti yote mawili hadi chini, tendo liitwalo "okufukamira". Nchini Uingereza, mbele ya mfalme au malkia, mwanamke hurudisha mguu mmoja nyuma na kukunja magoti, ilhali mwanamume huinamisha kichwa. Katika mifano hii yote goti ni la mwanamke zaidi. Tofauti iko katika anayepigiwa: Uingereza goti hufuata cheo cha kifalme, Usukumani hufuata umri na ukoo, hata bibi asiye na mali akalipata.

3.0 Goti Lililogeuka Neno

"Shikamoo" huelezwa kuwa mkato wa "nashika miguu yako". Msemaji hainami, neno humwinamia. Kwa istilahi ya Austin (1962), hili ni tendo uneni: kutamka ndiko kutenda. Sarufi inathibitisha kuwa maana ya asili imefifia. Tukiwaamkia wengi hatusemi "nashika miguu yenu", bali "shikamooni", kwa kiambishi -ni kilekile cha "karibuni" na "asanteni". Aidha, neno limekuwa nomino: mtu "hutoa" shikamoo, na mwenziwe huweza kuikataa.

4.0 Mkutano wa Desturi Mbili

Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi imevuta wageni wengi Kahama, na hapo ndipo mgongano huzuka. Tuchukue mfano wa bibi harusi kutoka Tanga aliyeolewa Nyahanga. Anamwambia mavyaa wake, "Shikamoo mama," akiwa amesimama wima. Kwake heshima imekamilika, kwani neno limeshashika miguu. Kwa mavyaa, salamu ni nusu. Akiambiwa apige goti, bibi harusi naye huona anadhalilishwa, kwa sababu katika Kiswahili alichokulia "kupiga magoti" ni kuomba msamaha au kusali. Hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja amesoma ishara ya mwenzake kwa sarufi yake. Wasichana wengi waliokulia hapo wameunganisha vyote viwili: hutamka "shikamoo" huku wakikunja magoti, wakiheshimu mara mbili kwa pumzi moja.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi wa salamu za Kiswahili unaoishia kwenye maneno hauwezi kueleza kwa nini "shikamoo" iliyo sahihi kisarufi humkera msikilizaji wa bara. Kamusi na vitabu vya kufundishia havina budi kueleza neno pamoja na mwili unaolisindikiza. Swali la kwa nini goti limebaki mzigo wa mwanamke, ilhali "shikamoo" hutolewa na jinsia zote, linastahili utafiti wa peke yake.