Tamari alisema hapana



Wengi wetu huwaambia vijana wetu, "Jitunzeni," kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Je, umewahi kupima kama mwanao anaweza kumwambia mpenzi wake "sitaki", akabaki na msimamo huo hata akibembelezwa, akinuniwa au akitishiwa kuachwa?

Wataalamu wamejaribu kulipima jambo hilo. Mwaka 1997, mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Morokoff, na wenzake walichapisha kipimo chenye kauli 18 kwa ajili ya wanawake. Sehemu yake moja inahusu kukataa: anayejibu anaeleza ni mara ngapi husimamia neno lake hata mwenzake anapong'ang'ania.

Kipimo hicho kina faida. Lakini fungua Biblia yako, 2 Samweli sura ya 13. Tamari, binti Daudi, angepata alama zote. Amnoni, kaka yake kwa baba, alipomtaka kwa nguvu, alimkataa waziwazi. Alimwonesha aibu itakayompata yeye, na hasara itakayompata Amnoni mwenyewe. Akamsihi aende kwa mfalme. Amnoni hakumsikiliza. Baada ya unyama ule, Absalomu akamwambia dada yake anyamaze. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alimwadhibu Amnoni.

Kosa halikuwa katika sauti ya Tamari. Lilikuwa katika masikio ya watu wa nyumbani mwake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujampima kijana, jipime wewe. Mwanao akikataa kukumbatiwa na mgeni, humlazimishi kwa jina la adabu? Akisema hapendi kubaki peke yake na ndugu fulani, unamsikiliza au unamkaripia? Mtoto aliyefundishwa kwa miaka 15 kwamba mwenye heshima hakatai, atajifunzia wapi kukataa siku atakapokuwa peke yake na mpenzi wake? Na mwanao wa kiume je? Umemfundisha kwamba "hapana" ni jibu kamili, wala si mwaliko wa kuendelea kubembeleza?

Leo mkitoka ibadani, muulize mwanao: "Ukikataa jambo hapa nyumbani, huwa tunakusikiliza?" Kisha nyamaza, umsikie mpaka mwisho. Usijitetee.

Jumapili njema.