Pakiti Imefika, Mbona Haionekani?

Ukitoka Mbeya, pale Makambako unachagua: Iringa au Njombe. Keneli, kiini cha mfumo wa Linux, nayo huchagulia pakiti njia kwa kusoma jedwali lake.

Wenzetu wa Elimu walioko TP Iringa walishindwa kuvuta maandalio ya somo kutoka kompyuta yetu ya Mbeya, yenye waya na modemu. Nikafungua tcpdump: pakiti zinaingia kwa waya, lakini programu haizipati. Kumbe jedwali lilielekeza majibu ya Iringa kwenye modemu. rp_filter ikiwa 1, keneli hutupa pakiti iliyoingia upande ambao jibu halitapitia, ili kuzuia anwani za kughushi.

Hatukuzima ulinzi, tulirekebisha njia. Kabla hujalaumu mtandao, uliza: jibu linarudi kwa wapi?