Nani anasema? Vitenzi vya insha ya uhakiki wa tamthilia

Katika shule moja ya sekondari huko Hedaru, chini ya Milima ya Pare, nilipewa rundo la insha za kidato cha sita nizisome kabla ya kuzungumza na wanafunzi. Swali lilihusu *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Insha ya kwanza ilifungua hivi: “Mwandishi anasema kwamba maji yanazuia risasi.”

Hussein hasemi hivyo. Anayesema ni Kinjeketile, akitangaza ujumbe wa Hongo. Na katika tamthilia hiyohiyo yumo Kitunda, ambaye habari ya maji haimtulizi moyo. Mwanafunzi alikuwa ameisoma kazi vizuri, lakini kwa kitenzi kimoja amemtwika mtunzi imani ambayo tamthilia nzima inaihoji. Katika riwaya, kosa hili huweza kufichwa na sauti ya msimulizi. Tamthilia kwa kawaida haina msimulizi: ina wahusika wanaopingana, na mtunzi amejificha nyuma yao wote.

Kwa hiyo ni vyema kuvigawa vitenzi. Mhusika husema, hudai, hukana, hushawishi. Mtunzi husawiri, hukutanisha, hudokeza. Sentensi ile tuliiandika upya ubaoni: “Kupitia ahadi ya maji, Hussein anaonyesha jinsi imani inavyoweza kuwaunganisha watu waliogawanyika, na papo hapo kuwatia hatarini.” Hapo uhakiki umeanza, kabla yake palikuwa na masimulizi tu.

Hata vitenzi vya mhusika havilingani. Baada ya kuelezwa maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa, yanayowataja watu wake kuwa watoto wa Seyyid Said, Kinjeketile anaingiwa na wasiwasi kuhusu nia ya Hongo. Je, tuandike *anagundua* kwamba amedanganywa, au *anashuku*? Anayeandika *anagundua* ameshahukumu: udanganyifu upo, nao umefichuka. Anayeandika *anashuku* ameliacha swali wazi, na itambidi aonyeshe jinsi shaka hiyo inavyomtenga kiongozi na watu wanaotaka kwenda vitani. *Kukiri* nako huchukulia kwamba jambo linalokiriwa ni kweli, na *kudai* huweka umbali kati ya mhakiki na msemaji. Mimi ningechagua *anashuku*. Anayetaka *anagundua* ana haki yake, mradi aitetee kwa matukio ya tamthilia.

Jambo la pili ni njeo. Insha kadhaa zilichanganya mhusika na mtu wa historia, jambo ambalo Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake. Kiswahili kinatupa njia rahisi ya kuwatenganisha. Kinjeketile wa jukwaani huchukua *-na-*: *anakataa* kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, na atakataa kila kitabu kinapofunguliwa. Kinjeketile Ngwale wa historia huchukua *-li-*: *alinyongwa* na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vimeanza. Mwanafunzi anayeandika “Kinjeketile alinyongwa” kama tukio la tamthilia ameacha kuhakiki, anafundisha historia.

Binti mmoja alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu mbiru, upinzani wa Wapare dhidi ya kodi ya kikoloni katika miaka ya 1940, jinsi alivyousikia kwa babu yake. Sikumwambia aufute. Nilimwomba aupunguze uwe sentensi mbili, auweke pale anapojadili umoja, kisha aeleze tofauti: watu wa mbiru hawakuhitaji maji ili wakusanyike Same. Ulinganisho wa namna hiyo humsaidia mhakiki kuuliza maji yanafanya kazi gani hasa katika tamthilia. (Ukurasa mzima, hata hivyo, ungekuwa insha nyingine.)

Kuhusu tahajia, utakutana na *tamthilia* na pia *tamthiliya*. Chagua moja uishike hadi mwisho.

Swali la mwisho darasani lilikuwa zuri kuliko mengine: je, hakuna mahali popote ambapo inaruhusiwa kuandika “mwandishi anasema”? Papo. Maelekezo ya jukwaani hayatamkwi na mhusika yeyote. Yanapoeleza nani anaingia, nani ananyamaza, mwanga unafifia wapi, sauti hiyo ni ya mtunzi, na insha nyingi nilizosoma siku hiyo zilikuwa zimeyaruka.