Kanada: Katika tambarare za ngano, mashinisti wa treni wanapigana na usingizi

Simu inaweza kulia saa nane ya usiku. Kwa kawaida mashinisti wa treni ya mizigo mjini Winnipeg anakuwa na masaa mawili hivi ya kuamka, kuoga, kufunga chakula chake na kufika kazini. Kabla jua halijatoka, amekwisha kukaa ndani ya kabini ya lokomotiva, na nyuma yake kuna vagoni 150 za ngano zinazoelekea bandari ya Vancouver, upande wa magharibi mwa Kanada.

Mbele yake ni tambarare. Majimbo matatu, Manitoba, Saskatchewan na Alberta, yanafuatana kwa zaidi ya kilometa elfu moja kabla ya milima kuonekana. Hakuna msitu mkubwa wala bonde refu. Kuna mashamba, mbingu, na reli mbili zilizonyooka mpaka zinaonekana kama zinakutana mbele. Mtu asiyejua kazi hiyo angesema ni njia nyepesi kuliko zote: hakuna kona, hakuna mteremko, mashinisti anakaa tu.

Lakini hapo ndipo ugumu ulipo. Mlimani hatari inamwamsha mtu. Kwenye tambarare, masaa yanapita bila jambo lolote kutokea, na mtu ambaye hakulala vizuri anatakiwa kukaa macho sawasawa kama yule aliye kwenye mteremko mkali.

Wawili ndani ya kabini

Kabini haina anasa. Mashinisti anakaa upande wa kuume, na shefu wa treni, anayehusika na vagoni na karatasi za mizigo, anakaa upande wa kushoto. Kuna skrini za kuonyesha mwendo na nguvu ya freni, redio ya kuzungumza na ofisi inayoongoza safari, mara nyingi frigo ndogo, na choo chembamba kule mbele puani mwa mashine. Abiria hawaruhusiwi.

Lokomotiva moja ya aina inayotumiwa sana huko ina uzito wa karibu tani 190 na nguvu za farasi 4,400. Inakula mazuti, lakini mazuti hayazungushi magurudumu moja kwa moja: injini inatoa umeme, na umeme ndio unaozungusha mota zilizo kwenye magurudumu. Treni ndefu huwa na lokomotiva nyingine katikati au mwishoni, isiyo na mtu ndani, ambayo mashinisti anaiongoza kwa redio kutoka kabini ya mbele.

Kila vagoni ya ngano ikijaa inaweza kufika tani 130. Ngano peke yake, bila kuhesabu chuma cha vagoni, inapita tani 14,000 kwa treni moja: ni mzigo wa malori zaidi ya 450 yenye kubeba tani 30 kila moja. Treni kama hiyo ina urefu wa zaidi ya kilometa mbili, na nyingine zinapita tatu. Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi na sasa wanakaa Winnipeg au Regina wanazifahamu vizuri kutoka upande wa pili: wanazisubiri zipite kwenye makutano ya reli na barabara, na dakika zinakwenda.

Uzito huo ukiwa katika mwendo mkubwa, kusimama si jambo la mara moja. Hata mashinisti akivuta freni zote za hatari, treni inaweza kwenda kilometa moja na nusu, hata mbili, kabla ya kutulia. Kwa hiyo mtu anayeona gari limekwama kwenye reli mbele yake mara nyingi hawezi kuliokoa. Anapiga honi, anavuta freni, kisha anaangalia.

Na honi anaipiga sana. Nchi hiyo ilipimwa na kukatwa vipande vya mraba kabla ya wakulima kufika, na barabara za vumbi zikafuata mistari ile ile. Karibu kila kilometa chache kuna barabara inayokata reli. Kwa kila moja honi inalia vilevile: mara mbili kwa kirefu, mara moja kwa kifupi, kisha kwa kirefu tena. Wakati wa mavuno, malori ya ngano yanavuka hapo mchana na usiku, vumbi likiwa limefunika kila kitu.

Alfabeti ya Saskatchewan

Kuna sehemu moja ya njia ambayo mashinisti anaweza kuisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kampuni ya Grand Trunk Pacific, iliyojenga reli hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, ilihitaji majina mengi kwa haraka kwa ajili ya stesheni ambazo bado hazikuwa na watu. Ikayapanga kwa alfabeti. Ukitoka mji wa Melville kwenda magharibi unapita Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher, Lestock. Mbele zaidi Punnichy, Quinton, Raymore, Semans. Halafu Watrous, Xena, Young na Zelma. Baada ya Zelma inakuja Allan, na alfabeti inaanza upya.

Melville wenyewe ulipewa jina la Charles Melville Hays, mkubwa wa kampuni ya Grand Trunk, aliyekufa katika meli ya Titanic mwezi wa nne mwaka wa 1912, kabla reli yake haijakamilika.

Stesheni zilikaribiana hivyo kwa sababu ya farasi. Mkulima alipaswa kupeleka ngano yake kwa mkokoteni na kurudi nyumbani siku ile ile. Kila stesheni ilikuwa na ghala refu la mbao, lililoonekana kwa mbali kama mnara wa kanisa. Katika miaka ya 1930 maghala hayo yalikuwa zaidi ya 5,700 katika majimbo yale matatu. Leo mengi yamebomolewa. Yamebaki machache makubwa ya saruji na chuma, yenye uwezo wa kujaza treni nzima. Vijiji vingi vimebaki na jina tu kwenye kibao kando ya reli, na treni haisimami tena.

Kwa mashinisti maana yake ni moja: vitu vya kuangalia vimepungua.

Kubaki macho

Tambarare nayo si tambarare kabisa. Kuna miinuko midogo ambayo dereva wa gari hawezi kuihisi. Treni ya kilometa tatu inaihisi: kichwa kinapanda wakati katikati kunashuka na mkia unapanda tena. Viungo vya vagoni vinavutana sehemu moja na kusukumana sehemu nyingine. Mashinisti akiongeza au kupunguza nguvu vibaya, kiungo kinaweza kukatika. Zamani ujuzi huo ulikuwa mikononi mwake, naye alihitaji kuifahamu njia kama mtu anavyofahamu uwanja wa nyumbani kwake.

Siku hizi lokomotiva nyingi zina programu inayojua njia na uzito wa treni, na inapanga nguvu yenyewe ili kupunguza mazuti yanayotumika. Faida ipo. Lakini kazi iliyokuwa ikishughulisha mikono na akili imehamia kwa mashine, na mtu amebaki na kazi ya kulinda. Kulinda bila kufanya kitu ndiko kunakoleta usingizi haraka.

Ndiyo maana kuna kifaa cha kumjaribu. Mashinisti akikaa muda bila kugusa chochote, taa inawaka na kengele inalia. Asipobonyeza kitufe, freni zinajifunga zenyewe. Tena, kila wanapokaribia taa za njia, wote wawili wanapaswa kuambiana kwa sauti maana ya ishara waliyoiona. Si maongezi ya kupitisha wakati. Ni njia ya kuhakikisha kwamba mwenzako bado yuko pamoja nawe.

Kanuni hizo zina historia ya damu. Tarehe 8 mwezi wa pili mwaka wa 1986, karibu na mji wa Hinton, Alberta, pale ambapo tambarare inaanza kugeuka milima, treni ya mizigo ilipita taa ya kusimama na kugongana uso kwa uso na treni ya abiria. Watu 23 walikufa, pamoja na wale waliokuwa katika kabini ya mbele ya treni ya mizigo. Tume ya jaji René Foisy ilichunguza kwa miezi. Haikumtupia mtu mmoja lawama zote. Iligundua kwamba wafanyakazi wale walikuwa wamelala muda mfupi mno kabla ya safari, na kwamba mazoea ya kazi yalikuwa yamekubali uchovu kama kitu cha kawaida. Kwenye lokomotiva za wakati ule kulikuwa na pedali ambayo mashinisti alipaswa kuikanyaga muda wote. Akiiachilia, treni inasimama. Lakini ilijulikana kwamba baadhi ya watu waliwekea pedali hiyo kitu kizito ili kupumzisha mguu.

Kwa miaka mingi baada ya hapo sheria iliruhusu bado mtu kufanya kazi hadi masaa 16. Ni mwezi wa tano mwaka wa 2023 tu ndipo kanuni mpya za wizara ya uchukuzi zilianza kutumika kwa treni za mizigo: masaa 12 kwa zamu moja, mapumziko yasiyopungua masaa 12 nyumbani na 10 mtu akiwa mbali na kwake, na si zaidi ya masaa 60 kwa siku saba.

Jambo ambalo masaa hayo hayakumaliza ni ratiba. Mtu anaweza kupewa masaa 12 ya kupumzika kuanzia saa mbili ya asubuhi, wakati watoto wanakwenda shule na jua linaingia dirishani. Amelala au hajalala, kwenye karatasi amepumzika. Mambo ya ratiba na uchovu yalikuwa katikati ya mvutano uliosimamisha reli za Kanada tarehe 22 mwezi wa nane mwaka wa 2024, kampuni kubwa mbili, CN na CPKC, zilipowafungia nje wafanyakazi zaidi ya 9,000 baada ya mazungumzo na sendika kushindikana. Serikali haikungoja siku mbili. Waziri wa kazi aliagiza wasuluhishi waamue, na treni zikarudi kwenye reli. Ngano haiwezi kungoja, wala potasi ya mbolea inayochimbwa Saskatchewan na kuuzwa dunia nzima.

Wawili, au mmoja?

Msomaji wa Kamina, Kabalo au Kindu atashangaa kidogo kusikia kwamba treni ndefu kiasi hicho ina watu wawili tu. Kwetu, treni ya mizigo mara nyingi inabeba watu wengi ambao hawamo katika hesabu. Mwezi wa tatu mwaka wa 2022, treni ya mizigo ilipoanguka huko Buyofwe, jimboni Lualaba, waliokufa walipita 70, na wengi walikuwa wamepanda kwa siri kwa kukosa usafiri mwingine. Matatizo ya reli hizi mbili si sawa. Huko Kanada swali ni kama wawili ni wengi mno.

Swali hilo lilipata jibu la kutisha tarehe 6 mwezi wa saba mwaka wa 2013. Treni ya vagoni 72 za mafuta ghafi, yaliyopakiwa katika tambarare za North Dakota, Marekani, ilikuwa imefika Quebec mikononi mwa kampuni ndogo iliyotumia mashinisti mmoja peke yake. Usiku aliiegesha juu ya mteremko na kwenda kulala, freni za mkono zilizofungwa zikiwa chache mno. Moto ulishika lokomotiva ya mbele. Wazima moto walizima injini, na hewa iliyokuwa ikishikilia freni nyingine ikavuja polepole. Treni ikaondoka bila mtu, ikaingia katikati ya mji wa Lac-Mégantic kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa saa, na kulipuka. Watu 47 walikufa. Mwezi huo huo serikali ikaamuru kwamba treni yenye mizigo ya hatari isiendeshwe na mtu mmoja.

Kampuni za reli hapa na pale barani Amerika ya Kaskazini zimeendelea kusema kwamba kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya mtu wa pili. Tangu mwezi wa tisa mwaka wa 2022, lokomotiva za Kanada zinatakiwa kuwa na kamera na vinasa sauti ndani ya kabini, na sendika inalalamika kwamba mtu anatazamwa kazini masaa yote.

Wakati huo huo baridi ina sheria zake. Ikishuka chini ya nyuzi 25 chini ya sifuri, kampuni zinafupisha treni, kwa sababu hewa inavuja kwenye viungo vya mabomba ya freni, na reli ya chuma inajikunja mpaka inaweza kupasuka. Bomba likikatika usiku, freni zote zinajifunga na treni inasimama ghafla katikati ya mashamba, ambapo taa ya nyumba ya karibu haionekani. Mashinisti hawezi kuacha kabini. Shefu wa treni anavaa koti lake, anachukua tochi, redio na bomba jingine la akiba, anashuka ngazi, na kuanza kutembea ndani ya theluji kando ya vagoni, moja baada ya nyingine, akisikiliza hewa inatokea wapi. Kufika mwisho wa treni ni kilometa tatu, na kurudi ni tatu nyingine.