Nani Ana Kichwa Kuliko Mwenzake?

Mkulima mzoefu wa hapa Mitunguu huutupia jicho mkungu wa ndizi akakadiria kilo zake kabla dalali hajaugusa. Anajua pia upi utaiva upesi na upi utastahimili safari ya Nairobi. Lakini muulize kuhusu akili zake, huenda akakujibu kwamba yeye hana kichwa, shule ilimshinda. Jibu hilo hunikera, kwa sababu si la kweli.

Tumezoea kujilinganisha na wenzetu kwa maksi. Mpaka 2023, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulimpa kila mtoto namba yake kati ya 500, na wapo watu wazima wanaoikumbuka yao hadi leo. Wataalamu nao wana kipimo cha akili kiitwacho IQ, ambacho wastani wake umewekwa kuwa 100. Namba hiyo haisemi mtu ana akili kiasi gani. Inasema amesimama wapi akilinganishwa na kundi fulani la watu, katika wakati fulani.

Ushahidi uko kwa majirani zetu wa Embu. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wa huko walioanza shule, kisha 1998 wakawapima wengine wa rika hilo. Kipimo kimojawapo kilikuwa cha Raven: mtoto huonyeshwa mchoro wa rangi wenye pengo, na chini yake vipande sita, achague kinacholijaza. Hakuna neno la kusoma. Watoto wa 1998 waliwapita wale wa 1984 kwa takriban pointi 26 za IQ. Si tofauti ndogo hata kidogo: inatosha kumtoa mtoto wa katikati kabisa na kumweka mbele ya wenzake zaidi ya 95 katika kila 100.

Miaka 14 haiwezi kubadilisha damu ya watu. Watafiti walipochuja sababu, zilizobaki na uzito ni wazazi kujua kusoma, muundo wa familia, na lishe na afya ya watoto.

Kuhusu lishe, Embu ilitoa jibu jingine. Kuanzia 1998, wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 12 waligawanywa, shule kwa shule, katika makundi manne. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula. Waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika kipimo cha Raven. Basi anayejiona mzito wa akili kuliko jirani yake huenda anapimwa pamoja na sufuria ya kwao.

Tena kuna akili ambazo mtihani hauziulizi. Utafiti uliochapishwa 2001 kuhusu watoto wa Kijaluo magharibi mwa Kenya uligundua kwamba waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Maelezo ya watafiti ni kwamba kila familia ilikuwa imewekeza katika elimu iliyoiona ina faida kwa mtoto wake.

Mzazi wa Mitunguu, mtoto akileta maksi za chini usimpime kwa dada yake mbele ya watu. Uliza kwanza alikula nini asubuhi, na ni nani nyumbani anayemsomea.