Wakfu wa Hewani na Wanaoutunza Bila Ujira

Sisi watu wa visiwani twajua vizuri kwamba kitu cha watu wote huharibika upesi kikikosa wa kukiangalia. Kisima cha msikiti kisiposafishwa hujaa taka. Gati lisilo na msimamizi hubomoka jiwe moja moja. Na jahazi likiachwa ufukweni bila ya kutiwa kalafati na kupakwa deheni, jua la msimu mmoja latosha kuziachanisha mbao zake. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mali nyingine ya watu wote, isiyoshikika kwa mkono, lakini inayoishi kwa kanuni ile ile. Nayo ni programu za kompyuta zinazoendesha redio za ridhaa.

Huenda msomaji akauliza, redio za ridhaa ndizo zipi? Si redio hizi za kusikilizia habari na taarabu. Ni mitambo ya kusema na kusikiliza, mali ya watu binafsi waliofanya mtihani wakapewa leseni, wanaozungumza wao kwa wao kuvuka bahari na mabara bila ya kutaka faida ya biashara. Hawategemei waya wala mnara wa kampuni ya simu. Mawimbi yao hupanda juu angani, yakarudishwa na tabaka la juu la anga, yakaangukia maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka.

Kila mwenye leseni ana jina lake la hewani, na mwanzo wa jina hilo huonyesha nchi yake. Kenya ilipokuwa chini ya Mwingereza majina hayo yalianza kwa VQ4. Siku hizi huanza kwa 5Z. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na wenyewe wana chama chao, Amateur Radio Society of Kenya.

Wala asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa Wazungu peke yao. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, chama cha kifalme cha redio za ridhaa kilianzishwa mwaka 1972, na Sultani Qaboos bin Said, aliyefariki Januari 2020, alikuwa na jina lake mwenyewe la hewani, A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan naye alikuwa JY1.

Visiwa vina heshima ya pekee kwa watu hawa. Mwaka 1964 Mwingereza mmoja, Geoff Watts, alianzisha orodha ya visiwa vya dunia, na tangu hapo wapenzi wa redio hushindana nani amezungumza na visiwa vingi zaidi. Visiwa vya pwani ya Kenya vimo katika orodha hiyo. Ndiyo maana mara moja moja humwona mgeni akishuka gatini Lamu na masanduku ya vyombo na misokoto ya waya, badala ya nguo za kuogelea.

LUGHA ZA MITAMBO

Mgeni mmoja wa namna hiyo nilimkuta Shela, juu darini, amefunga waya wake kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye mnazi. Mezani alikuwa na redio isiyozidi ukubwa wa msahafu, na kompyuta ya mkononi kando yake. Akanieleza kwamba redio za leo huamrishwa na kompyuta: nenda masafa fulani, anza kusema, nyamaza, sikiliza.

Taabu ni kwamba kila mtengenezaji ameipa redio yake lugha yake. Redio za Kenwood husemeshwa kwa herufi na tarakimu. Ukitaka kuipeleka kwenye masafa ya hezi 14,074,000, huandikiwa FA00014074000 kisha nukta mkato, nayo hutii. Redio za Icom hupokea tarakimu hizo mbili mbili, lakini kuanzia mwisho, mfano wa mtu anayesoma bei kuanzia senti kurudi kwenye shilingi. Yaesu nao wana mambo yao, na aina zao za zamani hazisemi sawa na mpya. Kwa hivyo anayetunga programu ya redio angelazimika kujifunza lugha mamia, kama rubani aliyeambiwa ajue lugha ya kila chombo kiingiacho bandarini.

Jioni ile chombo cha mgeni wangu kiligoma. Redio yake ilikuwa ya aina mpya, na watengenezaji walikuwa wamebadili amri moja bila ya kutangaza. Kompyuta ikaiambia redio iseme, redio ikanyamaza. Mgeni hakupandwa na hasira. Aliandika maelezo ya ile kasoro, akayapeleka kwa watunzaji wa programu, akaenda kulala. Asubuhi alikuta jibu: mtu asiyemfahamu, aliye bara jingine, amemwuliza maswali matatu. Akayajibu. Kabla ya alasiri mtu yule alikuwa amebadili mistari michache ya maandishi ya programu, na redio ikasema.

Nikamwuliza mgeni, "Mtu huyu humlipa kiasi gani?"

Akacheka. "Hakuna anayelipwa. Ana kazi yake nyingine ya kumpa chakula. Hii huifanya usiku, watoto wake wakishalala."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute habari zaidi.

MKALIMANI

Iliyo mashuhuri kati ya programu za ukalimani wa redio inaitwa Hamlib. Ilianzishwa mwaka 2000 na Frank Singleton, mwenye jina la hewani la Australia, pamoja na Stéphane Fillod wa Ufaransa. Kazi yake ni moja tu: kusimama katikati. Mtunzi wa programu nyingine huisemesha Hamlib kwa lugha moja, nayo huigeuza amri hiyo kwa lugha ya redio iliyopo mezani. Leo inazifahamu aina zaidi ya mia mbili za redio, na pia mota za kuzungushia antena.

Anayetumia Hamlib aghalabu haijui hata jina, kwa kuwa imejificha ndani ya programu nyingine. Mfano ni WSJT-X, kazi ya Joseph Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse. Mwaka 2017, Taylor na mwenzake Steven Franke walitoa namna mpya ya mawasiliano iitwayo FT8. Kila kituo hupokezana zamu za sekunde 15, kikituma ujumbe mfupi wa jina na mahali kilipo, na kompyuta huweza kuunasa ujumbe huo pale ambapo sikio la mwanadamu lasikia mvumo mtupu. Kwa njia hii redio dhaifu na waya wa mnazini Shela huweza kusikika Japani.

WAKFU

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Programu hizi ni za nani? Hazina duka wala bei. Zimetolewa chini ya leseni za GNU, ambazo ya kwanza yake ilitolewa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1989. Kwa ufupi leseni hizo husema: tumia upendavyo, fungua utazame ndani, rekebisha, mpe mwenzio, lakini ukitoa nakala uliyoirekebisha, sharti uitoe kwa uhuru ule ule uliopewa wewe. Huwezi kuifungia mlango.

Niliposoma masharti hayo nilikumbuka wakfu. Sisemi kwamba ni wakfu wa kisheria. Hilo ni la masheikh. Lakini mfano uko karibu. Aliyeweka wakfu kisima hakigawi kwa warithi wala hakiuzi. Maji ni ya kila apitaye, wa mji na mgeni. Na sote twajua kwamba hati ya wakfu peke yake haichoti maji. Yatakiwa kamba, ndoo na mtu wa kusafisha. Mangapi katika visiwa vyetu yaliwekwa wakfu kwa nia njema, yakaporomoka kwa kukosa msimamizi?

Jambo jingine nililiona si geni kwetu. Maandishi ya programu hizi hupita mikononi mwa watu wengi. Kila sahihisho huandikwa pamoja na jina la aliyesahihisha na tarehe yake. Mafundi wa Siyu walionakili misahafu zamani wangeifahamu kazi hii. Hata Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mwandishi aliyenakili tenzi zilizosomwa hadi vyuo vya Ulaya, angejua thamani ya mkono unaohifadhi kazi isiyoanzwa na mwenyewe. Mnakili hupata sifa ndogo kuliko mtunzi. Lakini bila ya mnakili, mtunzi angesahauliwa.

MTUNZAJI AKIONDOKA

Desemba 2021, Mwingereza Bill Somerville, mwenye jina la hewani G4WJS, alifariki ghafla. Alikuwa miongoni mwa nguzo za WSJT-X, na mkono wake ulikuwamo katika Hamlib pia. Wapenzi wa redio wa nchi nyingi walimjua kwa jambo moja: aliyeuliza swali, hata liwe la kitoto, alijibiwa, na kwa adabu. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, wenzake waliweza kuishika kazi pale alipoiachia, na matoleo mapya yakaendelea kutoka. Lau programu ile ingekuwa siri ya kabati la mtu mmoja, ingezikwa naye.

Hata hivyo tusijidanganye. Maandishi hubaki, lakini ujuzi wa kwa nini mstari fulani uliandikwa hivi na si vile, aghalabu huenda na mwenyewe. Na pale mtunzaji akiwa mmoja na amechoka, hatari huingia. Machi 2024 ulimwengu wa kompyuta ulishtuka kusikia kisa cha programu ndogo iitwayo xz, inayopunguza ukubwa wa mafaili na inayotumiwa na kompyuta zisizo na idadi. Ilikuwa ikiangaliwa na mtu mmoja wa kujitolea. Akatokea mwingine aliyejitia kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa muda wa miaka miwili hivi, akaaminiwa, kisha akaficha ndani yake mlango wa wizi. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kushuku tu kwamba kompyuta yake inachelewa nusu ya sekunde. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Na msimamizi mmoja halindi wakfu wa dunia nzima.

NA SISI JE?

Atasema mtu, haya yote ya nini kwetu sisi wenye simu mkononi? Nitamjibu kwa mambo mawili ya baharini.

La kwanza ni tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyofika hadi pwani yetu na kumwua mtu mmoja Watamu. Katika visiwa vya Andaman, upande wa pili wa bahari hii hii ya Hindi, simu zilikatika. Ikasadifu kwamba Bharathi Prasad, mwanamke wa Kihindi mwenye leseni ya redio ya ridhaa, alikuwa Port Blair na mitambo yake, amekuja kwa msafara wa redio. Redio yake iliacha mchezo, ikawa njia ya kupeleka na kupokea habari za waliosalimika.

La pili ni la juzijuzi. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Aliyekuwa na redio, waya na leseni hakuhitaji waya wa baharini kumfikia mwenzake.

Watu wa Pate, Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu hawahitaji kufundishwa maana ya kuwa mbali na msaada. Lakini mpaka sasa redio hizi huletwa na mgeni na huondoka na mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Basi mwenyeji apone kwa lipi, ikiwa masanduku hurudi yalikotoka?

Simwambii mtu akimbilie kusema hewani. Kufanya hivyo bila leseni ni kosa. Lakini kusoma maandishi ya programu hizi hakuna anayekataza, na hayo hayana kiingilio. Kijana wa sekondari mwenye kompyuta kuukuu anaweza kuyafungua leo usiku. Anaweza kujaribu, kuona kasoro na kuiandikia ripoti safi. Tena kuna kazi inayotungoja sisi hasa: WSJT-X imetafsiriwa kwa Kihispania, Kijapani na Kichina, na katika orodha niliyoiona mimi Kiswahili hakimo. Nani atakitia kama si wenye lugha?

Madrasa na shule zetu zimezoea kumsifu kijana aliyejenga jambo jipya. Yafaa tujifunze pia kumsifu aliyekuta jambo la wengine limechakaa, akalitengeneza, kisha akaliacha wazi kama alivyolikuta. Visima tulivyorithi vilichimbwa na watu tusiowajua hata majina. Vilivyo na maji hadi leo ni vile vilivyopata watu wa kuvisafisha.