Amelala usingizi, lakini anajibu maswali

Mtu amelala. Mtaalamu anamuuliza: nane kutoa sita ni ngapi? Macho ya aliyelala, yakiwa bado yamefumbwa, yanakwenda kushoto na kulia mara mbili. Jibu ni sahihi, na mashini inayopima ubongo inaonyesha kwamba bado yuko ndotoni.

Jaribio hilo la Marekani ni moja kati ya yale yaliyotangazwa mwaka 2021 na maabara nne za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi. Watu 36 walishiriki, wakitafutwa wale wanaoweza kujua, wakiwa katikati ya ndoto, kwamba wanaota. Si kwamba walijibu kila mara. Zaidi ya nusu ya majaribio hayakupata jibu lolote, na majibu sahihi yalikuwa karibu 18 kwa mia. Hata hivyo, hayo machache ni mengi kwa mtu aliyelala.

Kwa nini macho? Wakati wa ndoto misuli mingi ya mwili hulegea, lakini macho hubaki huru. Mwingereza Keith Hearne alitumia njia hiyo mjini Hull mwezi wa Aprili 1975. Kabla ya hapo, aliyesema anajua kwamba anaota aliambiwa na wengi kwamba ameamka kidogo tu.

Mashamani wa Mongolia wao hawakungoja mashini. Shamani hupiga ngoma, huingia katika hali nyingine, kisha hurudi na ujumbe kwa mgonjwa au familia. Msomaji asimchanganye na mchawi: huyu watu wake humwendea wakimtafutia mgonjwa wao nafuu.

Mwaka 2001 Mfaransa Corine Sombrun alikwenda huko kutengeneza kipindi cha redio. Ngoma ilipolia, yeye mwenyewe akaanza kutetemeka na kulia kama mbwa mwitu. Baadaye alijifunza kuingia katika hali hiyo bila ngoma, ndipo waganga wa Edmonton, nchini Kanada, wakapima ubongo wake. Utafiti wao, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba ubongo ulibadilika kweli. Lakini ulimhusu mtu mmoja, na hauthibitishi kwamba kuna roho aliyezungumza naye.

Leo hali hiyo inachunguzwa pia Liège, Ubelgiji, na wataalamu ambao kazi yao ya kila siku ni wagonjwa waliopoteza fahamu. Mwaka 2010 wao na wenzao wa Cambridge walitangaza matokeo ya wagonjwa 54 wenye ubongo ulioumia vibaya. Watano waliweza kubadilisha kazi ya ubongo wao walipoombwa kuwaza jambo fulani. Mmoja alijibu maswali: kuwaza anacheza tenisi ilikuwa ndiyo, kuwaza anatembea katika nyumba yake ilikuwa hapana. Kando ya kitanda, hakuna aliyekuwa amefaulu kupata jibu lake.